Nyanya, Nilipanda Pikipiki

Nyanya yangu mpendwa,

Ejok? Najua hutajibu, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba mtu haanzi maneno kabla ya salamu. Kwa hiyo ejok, na ejok tena.

Nimeolewa! Leo ni siku ya ishirini na tatu, na bado naamka nikijishangaa. Nakuandikia kutoka Lodwar, kwenye chumba chetu cha mabati karibu na mto Turkwel. Mlango uko wazi, na hapo nje mume wangu anakata tairi. Mume wangu. Acha niandike tena, maana hakuna wa kunikataza: mume wangu. Akikata hutoa ulimi kidogo upande wa kushoto, kama mtoto anayejifunza kuandika. Ulijua hilo? Nafikiri ulijua. Nafikiri ulijua mambo mengi kabla yangu, na ndiyo sababu ya barua hii. Nina maswali. Pia nina jambo moja ambalo sikuwahi kukuambia.

Unakumbuka ile hadithi yako ya zimwi? Ulikuwa ukinisimulia tukiwa Kakuma, mimi nikichagua shanga kwa rangi, wewe ukiziunga. Zimwi lilimbeba mama wa wavulana watatu. Mkubwa akaenda kumtafuta na mkuki, akarudi mikono mitupu. Wa pili akaenda na mikuki miwili, naye akarudi mikono mitupu. Kitindamimba alipoinuka na kibuyu chake cha maziwa, kijiji kizima kikacheka. Huyu anayechunga wana-mbuzi tu?

Hapo ndipo nilipokukatiza kila mara.

"Nyanya, hao watu ni wajinga? Mbona wanamcheka, na sisi tunajua ni yeye ataokoa mama?"

Wewe ukaacha shanga, ukanitazama. "Wewe ungeona?"

"Ningeona!"

"Haya," ukasema, ukarudi kwenye uzi wako.

Hukuwahi kuniambia zaidi ya hilo "haya". Nilikuwa na miaka saba au minane, na nilikuwa na uhakika kabisa.

Halafu nikakua, na wavulana watatu wakawa jirani zetu. Lomuria, mkubwa, mwenye pikipiki nyekundu na miwani ya jua. Ekal, wa pili, polisi wa akiba, ambaye watu walimwita hata kutoka mbali mifugo ikiibwa, kwa sababu alisoma nyayo kama mimi nilivyosoma vitabu vya shule. Na Ekidor, wa mwisho, ambaye alikaa kando ya barabara kwenye kivuli cha gunia akitengeneza akala, viatu vya tairi. Mchana kutwa amezungukwa na tairi kuukuu, kichwa chini. Lomuria alipopita alimpigia honi na kusema, "Salimia miguu ya watu, fundi!" Na watu walicheka. Mimi pia nilicheka, Nyanya. Nilidhani ni utani tu.

Wewe peke yako ulimwita fundi bila kucheka. Alikutengenezea zile akala zako za tairi ya lori, na ile ya kushoto akaiongezea unene upande wa nje, kwa ajili ya nyonga iliyoumia ulipoangushwa na punda. Hukumwomba. Alikutazama ukitembea, basi.

Wakati ule siku zako zilikuwa zimeanza kugawanyika, siku za karibu na siku za mbali. Siku za karibu ulijua bei ya unga na jina la chifu. Siku za mbali uliulizia mbuzi wako waliokufa kwa ukame nikiwa ningali shule ya msingi. Nilikuwa nakujibu, "Wamekufa, Nyanya." Machozi yakakulenga kana kwamba wamekufa asubuhi hiyo. Nilidhani kusema ukweli ndiyo heshima.

Asubuhi ile nilienda dukani kununua unga. Niliporudi, chai yako ilikuwa imepoa na wewe hukuwepo. Hukubeba maji. Unajua jua la Kakuma: ikifika saa sita hata mbwa hawavuki barabara. Mzee wa miaka yako, bila maji, angefika saa nane? Nilipiga kelele hadi majirani wakatoka.

Ndugu wote watatu walikuja. Ekal akainama mlangoni, akaona alama ya tairi ya lori kwenye vumbi, akasema, "Huyu tutampata haraka. Hakuna mwingine hapa ana akala kama hiyo." Tukafuata, Lomuria akiikokota pikipiki yake. Nyayo zako zilipita nyuma ya kanisa, zikateremka hadi kwenye laga, ule mto wetu wa mchanga, mahali ambapo akina mama huchimba visima vya maji. Hapo pamekanyagwa na watu na punda. Lakini Ekal akazunguka mara moja tu, akaziona tena upande wa pili zikielekea kambini kwa wakimbizi.

"Hizi hapa! Twende!"

Ekidor alikuwa amechuchumaa nyuma yetu. Aliweka kiganja juu ya unyayo mmoja, akakaa hivyo.

"Viatu ni vyake," akasema. "Miguu si yake."

"Unasema nini wewe?" Lomuria akauliza.

"Nyanya anakanyagia upande wa nje, hii ya kushoto. Huyu anakanyaga sawasawa. Tena ana mzigo, angalia kisigino imezama. Hii ni mtu mwingine amevaa."

Ekal akacheka, na si kwa ubaya. "Kijana, mimi nimefuata ng'ombe mpaka milimani. Wewe umefuata nini? Tairi?"

"Nimetengeneza hiyo kiatu."

"Basi kaa hapo uitengeneze tena. Nakiru, panda, tunachelewa."

Ekidor hakubishana. Alinitazama mara moja tu. Sasa nayajua macho hayo vizuri, nalala na kuamka mbele yake, na najua alikuwa akiuliza swali. Kisha akageuka kurudi visimani, kichwa chini, akitafuta nyayo za mguu mtupu.

Na mimi, Nyanya? Mimi niliyeapa juu ya shanga zako kwamba ningeona?

Nilipanda pikipiki.

Hilo ndilo jambo. Sikuwahi kukuambia. Nilikaa katikati ya Lomuria na Ekal, tukaondoka kwa vumbi kubwa, na nakumbuka niliwaza, maskini, si afadhali angekaa nyumbani kuliko kutupotezea wakati.

Tulizifuata akala zako hadi kwenye foleni ya maji kambini. Ekal hakukosea hata hatua moja, lazima niseme. Alizifuata katikati ya mamia ya nyayo hadi mbele ya mama mmoja Mkongomani, kijana, mtoto mgongoni na mtungi wa lita ishirini kichwani. Na miguuni mwake, akala zako.

Alipoona bunduki ya Ekal karibu aangushe mtungi. "Miye sikuiba! Ni mama muzee alinipatiya, kule ku mto. Nilikuwa bila viatu, mchanga inachoma. Njo akavua, akanivalisha yeye mwenyewe. Tulikuwa hatusikilizane hata neno moja."

"Alienda wapi?" nikamuuliza.

"Alifuata mto. Alikuwa anaita kama anaita nyama. Mbuzi. Krr, krr, hivi."

Lomuria alivua miwani yake ya jua, akaifuta ingawa haikuwa chafu. Mimi nilisikia joto la ajabu usoni, na halikuwa la jua.

Tulirudi tukifuata laga hadi pikipiki ikakwama mchangani, tukakimbia kwa miguu. Pande zote mbili ni mathenge, ile miiba mirefu inayopasua hata tairi, na wewe ulikuwa umepita hapo bila viatu. Nilikuwa nalia nikikimbia. Halafu kwenye kona tukasikia sauti yako.

"Huyo mwizi! Mfukuze! Amekunywa mara mbili!"

"Nimemwona, Nyanya. Nimemfukuza."

Ekidor alikuwa ndani ya shimo hadi kiunoni. Alikuwa amechimba kwa mikono na kopo, na wewe ulikaa ukingoni, miguu yako imefungwa kwa vipande vya shati lake, ukisimamia kazi kama mkubwa wa boma. Mchanga mbele yako ulikuwa mtupu. Hakukuwa na mbuzi hata mmoja, na ninyi wawili mlikuwa mkiwaona wote.

"Huyu anayekuja ni nani?" Ekidor akauliza.

"Mama wa mapacha."

"Haya, Nyanya, onja kwanza. Hii maji ni tamu ama ina chumvi? Huyu mama wa mapacha anaringa, akipata chumvi atakataa."

Ukachukua kopo, ukanywa, ukafikiri. "Tamu."

Akachukua maji mengine, akayamwaga mchangani mbele ya mbuzi asiyekuwepo.

Lomuria akaninong'oneza kwa hasira, "Wacha tumbebe tu, jua inamuua!" Ekidor akasikia. Bila kugeuka akasema, "Alikataa maji yangu. Alisema hawezi kunywa kabla ya mifugo yake. Bado watatu."

Bado watatu, Nyanya! Na kila mbuzi mpaka uonje kwanza. Ndivyo ulivyokunywa maji siku ile, funda moja kwa kila mbuzi, kundi zima. Mimi nilikuambia mara ngapi kwamba wamekufa? Yeye aliuliza majina yao.

Mbuzi wa mwisho alipokunywa ulisimama mwenyewe. Alikuvalisha akala zake, kubwa kama mitumbwi, na Lomuria akakubeba mgongoni hadi kwenye pikipiki. Tulikaa watatu: Lomuria, wewe, na mimi nyuma nikikushika. Hivyo nilipanda pikipiki mara ya pili siku ileile, na aliyekuokoa akarudi kwa miguu, bila viatu na bila shati. Nilipogeuka nilimwona Ekal akitembea kando yake. Ekal alikuwa ameinama akionyesha mchanga, na Ekidor akimweleza kitu. Mwenye kufuata ng'ombe mpaka milimani alikuwa anauliza.

Jioni nilimpelekea chai. Alikuwa anatoa miiba nyayoni kwa sindano ya kushonea viatu. Nilitaka kumwomba msamaha, nikasema, "Sukari inatosha?" Akasema inatosha. Nilikuwa nimesahau kuitia.

Sasa maswali yangu.

La kwanza ni lile la misumari. Baada ya siku ile, kila wiki akala zako mpya zilikuwa zinapoteza msumari. "Nakiru, mpelekee fundi." Wiki inayofuata tena, "Nakiru, hii kamba imelegea." Nikaanza kuoga kabla ya kwenda. Nikaanza kukaa huko mpaka kivuli kihame, nikamuuliza tairi ya ndege ikoje, naye akaniuliza niliyoyasoma shuleni, na akayakumbuka! Wiki mbili baadaye aliniuliza habari ya mshairi niliyemtaja kwa kupita tu. Umekuwa ardhini miezi mitano sasa, na juzi ndipo Ekidor alipofungua kopo la kahawa na kunionyesha misumari yenyewe. Imenyooka, mizima kabisa, na vichwani ina alama za koleo.

"Msumari ya kutembea inapinda," akaniambia. "Hii iling'olewa."

Nyanya! Ulipata wapi koleo? Ulifanya hivyo siku zako za karibu au siku zako za mbali? Au siku za mbali ndizo ulizokuwa ukiona vizuri zaidi?

La pili, ile hadithi. Yule kitindamimba alipompata mama yake, alimkuta analia, au alimkuta anafanya kazi yake akingoja tu mtu wa kumsaidia? Hukuwahi kusema. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye karamu ya mwisho wa hadithi.

Karamu yetu ingekupendeza. Ng'ombe wa harusi alikuwa mkubwa, akina mama waliimba hadi sauti zikakwama, na Lomuria alicheza akiwa na miwani yake. Nilivaa shanga zako. Miguuni nilivaa akala alizonitengenezea Ekidor, laini, na kamba nyekundu. Hakunipima kwa kamba wala kwa karatasi. Aliniambia tu nitembee mchangani, niende mbali, kisha nirudi. Nilipogeuka alikuwa bado anatazama njia yangu, kisha akanitazama mimi, na moyo wangu, Nyanya, sitaandika moyo wangu ulifanya nini, nakuheshimu.

Sasa hivi ameacha kukata. Amesimama mlangoni, ana vumbi jeusi la tairi hadi kwenye nyusi, na ananiuliza naandika nini hicho kirefu hivyo.

"Barua. Kwa Nyanya."

"Umemwambia ulipanda pikipiki?"

Nikashtuka. Hatukuwahi kulizungumza, hata siku moja. Nikamwambia ndiyo, nimemwambia leo, kwa mara ya kwanza.

Akacheka kidogo. "Aliniuliza kule kisimani, kabla ya mbuzi ya kwanza. 'Nakiru yuko wapi?'"

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, 'Anakuja.'"

Saa hiyo, Nyanya, nilikuwa nimempa mgongo. Nilikuwa nakimbizwa kwa pikipiki kuelekea upande mwingine kabisa, nikimhurumia. Na yeye, shimoni, alikuwa akichimba na kukuambia nakuja.

Uliniuliza kama ningeona. Sikuona. Lakini nimekuja, Nyanya. Nilichelewa, nilipitia kambini, ila nimekuja.

Lala vizuri. Mbuzi wote wamekunywa.

Mjukuu wako wa shanga,
Nakiru, mke wa fundi