Hina Kichwani mwa Mjane

Balambala,
Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Mama yangu,

Ukiifungua hii, keti kwanza upumue. Hakuna mtu mwingine aliyekufa. Ni mimi tu nimepata karatasi na mtu wa kuileta. Mwalimu mwenzangu, Bwana Barasa, anapitia Mumias akienda kuona familia yake. Sikutaka kupiga simu kwa jambo hili, maana simu yako ni ya mtaa mzima, na ninayokuandikia ni yako kwanza.

Goti linaendeleaje tangu uanze kulikanda? Ng'ombe amezaa? Na Neema, bado anakohoa, ama lilikuwa vumbi la malori ya miwa? Mimi ukiniuliza nitasema sijambo, wala sitakuwa nimedanganya sana. Nala, nalala, nafundisha. Wanafunzi wangu wa Gredi ya Sita wameanza kuelewa hesabu za sehemu. Joto ni lile lile. Mto uko karibu lakini maji yake ni tope, na ya kisima yana chumvi hata ukitia sukari kwenye chai unaionja, kwa hiyo tunanunua ya mkokoteni wa punda. Haya yote nayaona kama abiria anayetazama nje dirishani. Siumii, Mama. Sisikii kitu. Tangu tumzike Baba Neema moyo wangu umekufa ganzi, na sikumlilia mume wangu hata siku ya kumzika. Wewe uliliona hilo pale kaburini na ukanyamaza, nikakushukuru.

Sasa lile neno la mama mkwe wangu. Anataka shule zikifungwa nije ninyolewe, matanga yafungwe kama inavyotakiwa. Kila uliponiuliza nimekuwa nikigeuza maneno, nakuuliza habari za mahindi. Unakumbuka mwalimu mkuu alivyonipigia kabla ya siku ya kunyoa, kwamba muhula umeanza na darasa halina mtu. Wafiwa wenzangu wote walinyolewa, hata mtoto. Mimi nikapanda gari na nywele zangu. Najua waliosema nimekimbia, na wengine walisema ukiwepo.

Nilikuwa na sababu, lakini sikuweza kuitamka mbele ya wazee. Baba Neema alikuwa akinipaka mafuta kichwani. Kila likizo, Jumapili jioni, alikuwa anaosha grisi ya trekta mikononi kwa sabuni ya mche na majivu, anakaa kwenye kigoda, mimi chini kati ya magoti yake. Anatenga nywele kwa kitana, anapaka mstari mmoja, anatenga tena. Mwanamume yule hakuwa na subira na kitu kingine chochote duniani, hata chai alikuwa anainywa ikimchoma. Lakini kichwa changu alikuwa hakiharakishi. Hizo ndizo nywele nilizopanda nazo gari. Nilifikiri angalau zitakuwa zangu.

Kumbe nazo zilikuwa zimeshaamua kuondoka. Kabla sijamaliza hata kufagia mchanga wa nyumba yangu huku niliziona kwenye mto wa kulalia, kisha kwenye kitana, kisha upara ukatokea nyuma ya sikio na mwingine utosini. Ngozi ilikuwa kavu, inawasha, inabanduka kama maganda ya njugu. Ulinipa dawa zako kwa simu nami nilizifuata zote, usidhani nilizipuuza. Maji ya kitunguu nilipaka. Yalinichoma macho, na kesho yake wasichana wa mbele darasani walijifunika pua kwa mitandio yao, kwa adabu sana, mmoja baada ya mwingine. Parachichi hapa likifika limepigwa na safari mpaka linaonewa huruma, kwa hiyo nililila. Mwarobaini upo, unaota kila ua. Nilichemsha majani, nikayaacha yapoe, nikasuuzia kichwa. Muwasho ulipungua. Nywele ziliendelea kuanguka.

Hapo ndipo akaingia Habiba. Sijakwambia habari zake. Ni jirani yangu, tunatumia uwanja mmoja. Bwana yake anafanya biashara ya mbuzi, yeye anauza maziwa, na wanakaa na mama yake bwana, bibi mmoja mkali asiyesikia vizuri. Habiba aliniona nikianika nguo bila kitambaa kichwani. Hakuuliza ruhusa. Alinigeuza kichwa kwa vidole viwili, akatazama, akasema maji ya kisima yamenila. Jioni alikuja na unga wa kijani kwenye kopo. Wao wanauita qasil, ni majani ya mkunazi yaliyokaushwa na kusagwa. Unakoroga na maji ya vuguvugu mpaka litoke povu, unapaka mpaka kwenye ngozi, unaacha kidogo, unasuuza kwa maji matamu. Baada ya hapo samli kidogo sana, iliyoyeyushwa, kwa ncha za vidole. Sabuni ya dukani akanikataza kabisa.

Ukawa ndio mtindo wetu wa kila Ijumaa. Mimi nakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, yeye ananiosha huku akisema na mimi mambo ya mbuzi na ya mama mkwe wake. Nilikuwa sisemi mengi. Mikono yake ni mizito na inajua inakokwenda. Nilikuwa nafunga macho, na hapo pia sikusikia kitu, ila nilikuwa naisubiri Ijumaa.

Lakini hakujua nimefiwa. Hapa sikumwambia mtu ila mwalimu mkuu, naye si msemaji. Habiba aliponiuliza mara ya kwanza, "Bwana yako hajambo?" nilijibu hajambo. Unajua salamu zetu, Mama, jibu linatoka lenyewe kabla hujalifikiria. Likishatoka, wiki inayofuata unaulizwa tena na unajibu vile vile, maana utaanzia wapi? Akawa ananituma nimsalimie. Nikawa nasema salamu zimefika.

Sasa sikiliza alilolifanya yule dada kwa moyo wake mzuri. Alijua shule zinakaribia kufungwa. Alijua wale tuliotoka mbali tunaenda kwa waume zetu. Na kichwani mwangu pale mbele ziko zile mvi nilizorithi kwa Baba, wewe unazijua, zimekuwepo tangu nikiwa chuoni. Habiba hakuzipenda. Ijumaa moja badala ya qasil alikuja na bakuli la hina aliyoikoroga kwa chai ya rangi na ndimu. Alisema bwana akija kunipokea stendi asikute bibi kizee, akute mke. Nilimwambia sawa. Angesema tunapaka chokaa ningesema sawa. Akanipaka kichwa kizima, akanifunga karatasi ya nailoni na kitambaa, tukakaa kivulini kungoja.

Ndipo simu ikalia. Unaikumbuka simu hiyo, ile Neema alipiga ikakatika na ukaniuliza baadaye kama ni mtandao. Haukuwa mtandao. Mimi nilikuwa na tope la hina mikononi, nilikuwa nimemshikia bakuli, kwa hiyo Habiba akashika simu na kufungua spika ili amsikie mtoto anayemsikia kwa jina tu. Na mjukuu wako, bila salamu, akasema, "Mama, Kukhu, mama yake Baba, anauliza kama utakuja kunyolewa. Mimi zangu zimeota tena. Baba alikufa kitambo na wewe bado hujanyolewa."

Habiba alizima simu. Aliiweka juu ya mkeka, taratibu, kama sahani iliyojaa mchuzi.

"Bwana yako alikufa?"

Nikasema ndiyo.

"Lini?"

Nikamwambia kabla ya muhula kufunguliwa.

"Na kila Ijumaa mimi nauliza, na wewe unasema hajambo. Abaayo, mbona hukuambia mimi? Mimi natia hina kwa mjane."

Abaayo ni dada, ndivyo wanawake wanavyoitana hapa. Na sharti nikueleze, maana kwetu hina ni rangi tu. Kwao mjane anakaa eda. Hapaki hina, hajifukizi udi, hatii wanja wala hajipambi, mpaka siku zake zitimie. Hina ni ya arusi na ya sikukuu. Kwa Habiba ilikuwa ni kana kwamba amenivisha shela na kunichezesha ngoma juu ya kaburi.

Aliruka akafungua kile kitambaa. Akamwaga maji ya kunywa ya nyumba yake, mtungi mzima, kisha akaja kuchukua yangu. Alisugua kwa qasil, akasugua tena, povu likawa jekundu linapita kati ya miguu yetu. Mama mkwe wake alitoka kuuliza nani anachinja. Lakini hina ilikuwa imeshashika. Ile ya nyuma imekuwa kahawia ya kuiva, na mvi zangu za mbele zimekuwa rangi ya chungwa, Mama, chungwa lenyewe. Habiba alikaa chini kwenye maji na kulia. Alimlilia Baba Neema, mtu ambaye hakuwahi kumwona hata kwenye picha, akimtaja kwa jina nililomtajia. Mimi, mjane mwenyewe, nikawa ndiye ninayempapasa mgongo nikimwambia basi, basi. Niliona kwamba mambo yamegeuka, hata nilitaka kucheka. Machozi hayakuja.

Kesho yake jioni walikuja, wanawake wa uwanja wetu na wa jirani, wakiwa na mikeka, chupa za chai na tende. Hakuna aliyeniuliza kwa nini nilinyamaza. Kila mmoja alinishika mkono na kusema, "Bole, Mwalimu, bole sana," wanavyoitamka hapa, kisha wakakaa. Ni kukaa tu. Yule bibi mkali alisimuliwa kisa chote sikioni kwa sauti kubwa, akasema Habiba hana dhambi kwa asilolijua, ila mimi nina deni la kusema. Akauliza nywele zangu zinaendaje. Wakaanza kubishana juu yake kama madaktari, mmoja anataka mafuta ya simsim, mwingine hataki samli wakati wa joto. Waliafikiana kwamba tangu sasa iwe qasil na simsim tupu, bila hina, bila kufukiza, bila kitu chenye harufu, kwa kuwa naomboleza. Mimi si wa dini yao, lakini nilikubali masharti. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kuambiwa nifanye nini nikaona ni sawa.

Habiba nikamuuliza hina hutolewaje. Akasema haitolewi, inaondoka na nywele.

Basi wiki iliyopita nilikuwa naoga. Nikapitisha kidole nyuma ya sikio pale penye upara, na nikakuta kitu. Ni vinywele vidogo, laini kama vya mtoto mchanga. Nikagusa utosini, navyo vipo. Nilichukua kioo, nikageuka huku na huku. Vyeusi ti, havina hina, havina mvi.

Nilisimama pale na kopo mkononi. Tumehangaika na kitunguu na majani na samli ili ziote, na sasa zimeota, na nikahisi hasira, Mama. Hizi ni nywele ambazo Baba Neema hakuwahi kuzigusa. Yeye hazijui. Kichwa changu kimeendelea na kazi yake bila kuniuliza. Hapo ndipo nikalia. Nililia kwa sauti mpaka Habiba akagonga bati la bafu, nikamwambia ni sabuni, akasema hatutumii sabuni, akaendelea kusimama hapo nje mpaka nikanyamaza. Baadaye ganzi ilirudi. Leo niko nayo. Lakini najua sasa kuna kitu chini yake.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Nitakuja shule zikifungwa. Nitanyolewa. Mwambie mama mkwe wangu, ila mweleze mapema habari ya rangi, umweleze kama nilivyokueleza, asije akaniona nashuka kwenye gari na kichwa cha chungwa akadhani nimemsahau mwanawe. Akikasirika, mwache akasirike, ana haki. Ninaomba jambo moja tu, na ndilo lililonifanya niandike. Najua anayenyoa ni mjane mzee wa ukoo wao, nawe utakaa pembeni na jamaa wa upande wetu. Siku hiyo usikae pembeni. Mwambie aanze na zile nyekundu. Hizi mpya ziachwe mwisho, na zikifikiwa, kaa chini uniweke kichwa kati ya magoti yako, hata kama goti linauma.

Kipakiti alichonacho Bwana Barasa ni qasil kutoka kwa Habiba, ya Neema. Koroga na maji ya vuguvugu, mfunge macho asichomwe, na usitumie sabuni siku hiyo. Mwambie nilimsikia kwenye simu na sikukasirika. Alisema lile ambalo mama yake alitakiwa kulisema.

Nisalimie mjomba wa dukani na mkewe, dada yangu mdogo na wanawe, na wifi yangu aliyenipa leso siku ya mazishi, bado ninayo. Mama mkwe wangu mpe salamu za heshima. Habiba bado husahau na kunituma nimsalimie bwana, kisha anaziba mdomo. Wewe usimpelekee Baba Neema salamu yoyote. Palilia tu pale kando ya kaburi lake, maana mvua ikinyesha majani huko huota haraka.

Mwanao,
Mama Neema