Kipande cha Kibuyu Nilichomtumia Bahati

Baba mpendwa,

Nimeuharibu mutanga wako. Nianze na hilo, maana hukumpenda mtu anayeumauma maneno.

Unakumbuka ulivyofika hapa kambini Nakivale, Uganda? Tulipokimbia Mwenga kule Kongo mwaka 1996 wenzetu walibeba masufuria. Wewe ulibeba, ndani ya koti, mutanga, kamba ya wazee wetu iliyofungwa vitu vidogovidogo, kila kitu na methali yake. Mama alikununia safari nzima. Lakini tulipofika kijiji chetu cha Misiera nikaanza kulalamika kwamba hapa kila kitu ni foleni na ruhusa, hukunigombeza. Ulishika unyoya kwenye kamba, ukaninyooshea. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Nikarudi kwenye foleni.

"Maneno mingi inachokesha masikio," ulisema. "Umuonyeshe mutu kitu tu, atajua."

Vitu nilivyoviogopa ni vipande viwili vya kibuyu. Kimoja kilikuwa na nta ya nyuki ukingoni: kibuyu kilichozibwa bado kinabeba maji. Hicho ulimpelekea mtu uliyetaka mpatane. Cha pili hakikuwa na nta: kibuyu kikivunjika, kila mtu na kipande chake. Nilikuona ukikitoa mara moja tu, kwa binamu yako aliyempiga mkewe mpaka akazirai. Alikipokea, akakurudishia, akafunga mizigo, hatukumwona tena.

Sasa sikia kosa langu. Kilio chako kilipokwisha tulifua nguo zako zote ili tuzigawe, kama ilivyo desturi. Mutanga ulikuwa mfukoni mwa koti. Mimi na usafi wangu nikautia kwenye beseni la maji ya moto, nikausugua kwa sabuni. Nta ikayeyuka. Vipande vikatoka vimefanana kama mapacha.

Halafu kuna Bahati. Siku ya maziko yako alichelewa, gari lilikwama kwenye matope, nami mbele ya mchungaji na waombolezaji wote nikamwambia amekuja kula wali tu. Mdogo wangu wa tumbo moja, baba! Aliweka sahani chini, akarudi Biharwe kwenye gereji yake. Zaidi ya mwaka hakukanyaga Misiera. Nikipiga simu, hapokei.

Mwezi uliopita nikaamua kutumia njia yako. Nilifungua kipande kimoja, nikampa dereva wa teksi pale Rwekubo ampelekee. Gari lilipokwisha kuondoka ndipo nikakumbuka lile beseni. Nimetuma kipi? Nilikwenda nyumbani mbio, nikakigeuzageuza kilichobaki, nikakinusa nitafute harufu ya nta. Kilinuka sabuni.

Wiki tatu kimya. Chakula nilikipika tu, sikukila. Kila simu ilipolia nilijua ni mtu wa kuniambia Bahati amefunga mizigo. Binti zangu, ambao wakiwa na wenzao huzungumza Kinyankole na Kiingereza tu, wakaniuliza kwa nini nisimwandikie ujumbe wa kuomba radhi, yaishe. Niliwakaripia, nikasema hawajui heshima. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa naogopa kusema.

Jana nikaenda Biharwe. Bahati alitoka chini ya lori, mikono imejaa oili. Hakunisalimu. Aliingia chumba cha vipuri, akarudi na kile kipande, amekifunga kwenye kitambaa safi.

"Dada," akasema, sauti imeshuka, "hii inasemaka nini? Nilisahau. Nilisikia haya kukuuliza, mimi mutoto ya mwenye mutanga."

Wiki tatu, baba! Mimi sili Misiera, yeye anaona haya Biharwe, na kati yetu kipande ambacho hakuna aliyeweza kukisoma. Nilishikwa na hofu pale gereji, na haikuwa tena hofu ya Bahati. Kamba yako ina vitu kumi na vinne. Mimi najua maneno ya tisa. Yaliyobaki umekwenda nayo, kwa sababu miaka yote hiyo sikuuliza, nikidhani utakuwepo. Leo asubuhi nimeanza kuyaandika yale tisa kwenye daftari la shule la binti yangu, na hata hayo naandika nikifuta, maana naona kama ulikuwa unayasema vizuri zaidi.

Jana pia nilivunja sheria yako. Nilisema maneno mengi. Nilimweleza Bahati habari ya beseni, na sabuni, na nta, kisha nikafika kwenye ule wali. Nikamwomba msamaha kwa mdomo wangu mwenyewe, mafundi wenzake wakisikia. Alikigeuza tena kipande mkononi.

"Sawa, dada. Lakini inasemaka nini?"

"Inasema urudi nyumbani."

Kama kilikuwa kile kingine, baba, unisamehe. Alikuwa ameshaanza kunawa oili mikononi.

Ni mimi, binti yako wa kwanza, mfua kamba.