Nafasi Yangu Safu ya Pili

Kaka mpendwa,

Sisi hatujambo. Cherehani imepona, fundi alibadilisha mkanda tu. Unalalamika kwamba siku hizi sipokei simu. Usinune. Mwezi uliopita madaktari waliniondolea uvimbe kooni, na sauti ikaenda nao. Haitarudi. Nimeshalia vya kutosha, kwa hiyo usianze wewe.

Unanijua nilivyo kwenye kwaya ya kanisa: kila wimbo natangulia wenzangu, mwalimu ananikazia macho. Jumapili alinishauri kwa upole nikapumzike kwenye mabenchi na waumini wengine. Nikatikisa kichwa, nikavaa joho langu na kusimama palepale pangu, safu ya pili. Madaktari walichukua sauti, imani hawakuigusa. Nikaimba kila neno kwa midomo mitupu.

Tulipomaliza, mama muuza maziwa, ambaye husimama kando yangu, akanibinya kiwiko: "We dada, hata leo umetangulia!"

Nilicheka kimya mpaka machozi yakanitoka. Kaka, ikiwa yeye alinisikia, sembuse Mungu?

Dada yako yuleyule,
Chiriku