Swichi Nyuma ya Mlango

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia, na hupandi ngazi bila mtu wa kuishikilia. Mimi mzima, ila macho yamechoka kwa kompyuta.

Majibu ya mjukuu wako yametoka. Kama tulivyokubaliana na kaka na wifi, nimesoma ile jeni ya vidole kwenye mate ya mtoto, herufi kwa herufi, mara mbili. Ni safi, haina kasoro. Kwa hiyo hilo gumba la ziada hakulirithi kwa baba wala kwa mama, limejitokea tu. Waambie wasilumbane tena. Daktari atalikata mtoto akifikisha mwaka, na kijiko atashika kama wenzake.

Nimeandika barua kwa sababu najua hutaki mambo mazito kwenye simu. Isomeni wote pamoja.

Mwanao

21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi. Ngazi bado napanda, na usianze.

Barua yako ilisomwa sebuleni. Aliyeisoma ni shangazi yako, tena kwa miwani yangu. Alipofika kwenye "safi" akanyanyua kidole. "Si mnaona? Damu yetu haina neno! Basi huyu mwanamke alimeza madawa akiwa mjamzito." Wifi yako akasema alimeza vidonge vya kliniki tu, na kadi anayo. Kaka yako akatazama zulia. Mimi nikatazama feni. Kesho yake wifi yako akafunga nguo za mtoto kwenye shuka, akaenda kwao. Leo siku ya tisa. Nyumba imepoa hadi nasikia friji ikinguruma.

Sasa nikuulize kitu cha kifundi. Juzi niliitwa mahali, taa ya stoo inawaka yenyewe. Balbu nzima, mpya kabisa. Fundi wa ovyo angeisifu balbu akaondoka. Mimi nikafuata waya hadi chumba cha pili, nikakuta mjenzi asiye na akili ameweka swichi nyuma ya mlango, nayo ndiyo iliyoharibika. Wewe umesoma balbu. Swichi yake iko wapi?

Baba yako

9 Aprili

Baba,

Shikamoo nyingi. Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za maabara. Nikalia, nikacheka, nikalia tena. Nimemponza wifi! Niliandika "safi" kana kwamba nimesoma kila kitu, kumbe nimesoma jeni tu.

Jeni, baba, ni sehemu ndogo sana ya DNA. Kati ya jeni moja na nyingine kuna maeneo marefu ajabu. Zamani wakubwa wetu waliyaita takataka, na sisi wenye haraka bado tunayaruka. Mengi huenda ni takataka kweli, yamelundikana kizazi baada ya kizazi, kama lile boksi lako la waya chini ya kitanda ambalo marehemu mama alitaka kulitupa kila mwaka. Lakini humo humo ndimo zilimo swichi. Ya jeni hii iko mbali nayo, herufi kama milioni moja! Nimeilinganisha na ya paka, ya kuku, hata ya samaki. Zinafanana mno. Majirani zake wamebadilika hadi hawatambuliki, hiyo imebaki vile vile kwa mamia ya mamilioni ya miaka, maana aliyeharibikiwa hapo kwa kawaida hakuacha watoto wengi. Ya nyoka imevunjikavunjika, na miguu unajua hana.

Mtoto wetu ana herufi moja tu iliyobadilika hapo. Haimdhuru kitu, ila imewasha gumba mahali pa pili. Badiliko la namna hii kwa kawaida hurithiwa, na linaweza kupita kwa mzazi kimya kimya, lisionekane mkononi kabisa. Dawa hazihusiki. Nimeweka vichupa vitatu humu. Nitumieni mate: kaka, wifi, na wewe.

Mwanao

2 Juni

Baba,

Shikamoo. U hali gani? Nauliza kweli, maana kimya chako kimezidi.

Kichupa cha kaka kimefika, na cha wifi kimefika kutoka kwao. Wifi hana lile badiliko. Kaka analo, na mikono yake mizima. Amelitoa kwako au kwa mama. Nimempigia, akalia kwenye simu kama mtoto, lakini kwenda kwa wakwe anaona aibu. Na shangazi ameshapata mtu mwingine wa kulaumu. Anasema basi limetoka kwa marehemu, kwamba ukoo ule alikuwa na wasiwasi nao tangu harusi. Mama naye hayupo wa kujitetea.

Kichupa chako hakijaja.

Baba, lile kovu kwenye shina la gumba lako la kulia. Ulituambia ni umeme. Nimeshika tochi kwenye kazi zako likizo zote za shule, na sijawahi kuona umeme ukiunguza kamstari kembamba, kalikonyooka namna ile. Sikulazimishi. Nauliza tu.

Mwanao

19 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo una aibu.

Si umeme. Nilizaliwa na magumba mawili mkono wa kulia. Bibi yako alilifunga la pili kwa uzi hadi likakauka likadondoka, na nilipopata akili akaniapisha nisimwambie mtu, nisije nikanyimwa mke. Nikamficha hata mama yako. Siku barua yako inasomwa, mkono huu ulikuwa mfukoni. Nilikuuliza habari ya swichi ili uipate mwenyewe, mimi nisilazimike kusema. Uoga mtupu. Lakini shangazi yako alipomsingizia marehemu mama yako, nilishindwa kuvumilia.

Jana nilimshika kaka yako mkono tukaenda kwa wakwe zake. Nikasimama mbele ya wazazi wa wifi yako, nikauonyesha mkono, nikasema limetoka kwangu. Wifi yako akasema, "Baba, siku ile wewe ndiye uliyekaa karibu yangu, na hukunitetea." Nikaomba radhi.

Hajarudi, wala hajasema atarudi. Kaka yako amebaki huko, wamempa godoro sebuleni. Mimi nikapewa mtoto nimpakate. Akalikamata gumba langu, pale pale penye kovu, kwa ule mkono wake wenye mawili, na ana nguvu huyo! Mama yake akatuangalia. "Lisikatwe kwanza," akasema. "Akikua ataamua mwenyewe." Nikasema sawa, mama.

Kichupa changu kiko humu. Majibu nayajua, lakini yaandike, uyatume kwa barua. Safari hii nitasoma mimi, kwa sauti, shangazi yako akiwepo. Miwani simpi.

Baba yako