Saini Yangu Chini ya Karatasi ya Naserian

Karatu, Alhamisi. Ukungu umekaa mjini mpaka saa nne asubuhi, na baridi ya kufundishia koti likiwa limefungwa vifungo vyote. Mood yangu: mtu aliyeibiwa na hajui kimeibiwa nini.

Shajara, wewe unajua kwamba mimi ndiye mwalimu wa unasihi hapa shuleni. Si kwa kipaji. Siku ya kugawa majukumu nilichelewa kikao, nikakuta yamebaki mawili, unasihi na vyoo. Nikachagua haraka.

Mwaka huu tumeletewa akili mnemba ya kuwashauri wanafunzi kuhusu kazi. Mtoto anajaza maswali kwenye kompyuta, mashine inafikiri kidogo, inatoa karatasi: kazi inayokufaa ni hii, kombi ya masomo ya Kidato cha Tano chagua hii. Chini kuna mstari wa saini ya mshauri. Mshauri ni mimi.

Nimeitilia shaka tangu siku ya kwanza. Zaidi ya nusu ya darasa la Kidato cha Nne imeambiwa ikafanye utalii. Hata Daudi, ambaye hutapika gari likikata kona ya pili kupanda kreta, ameambiwa atakuwa dereva mzuri wa watalii. Nani kaifundisha mashine hii kwamba mtoto akizaliwa Karatu anavishwa darubini shingoni?

Nikaijaribu mwenyewe. Nilijaza kila kitu, kwa uaminifu wa mtu aliye mbele ya padri. Umri wangu, presha yangu, hata kwamba napenda sana kuongea. Ikanijibu kwamba nina mustakabali mwema katika mapokezi ya hoteli.

Mama watoto alicheka mpaka akakaa chini. "Hoteli gani hiyo mgeni apokewe na koti lako hilo?"

Lakini sasa nikuambie la aibu. Pamoja na shaka zangu zote, Jumanne nilizisaini karatasi za darasa zima. Nilikuwa na chai na andazi, Madam Paskalina wa kompyuta alikuwa anazisubiri, na fomu za kuchagua kombi zinapelekwa wilayani Ijumaa. Nikasaini moja baada ya nyingine bila kusoma.

Jana mchana Naserian akaja mlangoni pa ofisi ya walimu, karatasi mkononi. Ni binti wa wafugaji wa huko Nainokanoka, anakaa bweni, na nadhani huongea maneno matatu kwa wiki, moja likiwa shikamoo.

"Mwalimu, mapokezi ni kazi gani?"

Nikaona nafasi ya utani. Nikamwambia ni kusimama mlangoni na kuongea na wageni kutwa nzima. "Wewe utawakaribisha kwa kutumia nini, macho?"

Hakucheka. Akaendelea kuitazama saini yangu pale chini.

Nikaomba nione alichojaza. Kazi unazoweza kufanya: sina. Idadi ya mifugo nyumbani: sifuri.

"Naserian, baba yako mzee wa Nainokanoka, ana ng'ombe sifuri?"

"Mwalimu, kwetu ng'ombe hawahesabiwi."

"Ndiyo, lakini swali limeuliza."

"Anayeuliza simjui."

Mimi, mwenye shaka mkuu wa shule hii, nimempa huyo asiyejulikana hadi presha yangu. Huyu mtoto kamnyima hata ndama mmoja.

Nikamuuliza basi ng'ombe wakirudi jioni anajuaje kama wametimia. Akasema asipokuwepo mmoja, pengo linaonekana. Kama mimi mwalimu darasani, akasema, siiti majina siku zote lakini Daudi akitoroka najua. Hapo nikahesabu maneno. Alikuwa amemaliza ya mwezi mzima.

"Na likizo ulifanya nini?"

"Hakuna. Nilikuwa nyumbani tu."

Ilinichukua karibu kipindi kizima kuifungua hiyo "hakuna". Ng'ombe alishindwa kuzaa. Baba alikuwa amesafiri kwenda Wasso, na ukisubiri basi la kutoka Wasso unaweza kuzikwa kabla halijafika. Ndama alikuwa ametanguliza mguu mmoja. Naserian akanawa mpaka begani, akaingiza mkono, akamsukuma ndama arudi ndani, akautafuta mguu wa pili, akauweka sawa, akavuta. Alisimulia kama mtu anayeeleza namna ya kufunga kamba za viatu.

"Ndama alipona?"

"Yupo. Anasumbua."

Kwao hiyo si kazi ya kuandikwa mahali. Ni kuwa nyumbani tu.

Tukaenda kwa Madam Paskalina tujaze upya. Pa mifugo tukapaacha wazi, mashine ikakataa kuendelea bila namba. "Weka kumi, kaka, tumalize," Madam akasema. Naserian akaangalia sakafu. Tukarudisha sifuri yake, na pale kwenye nafasi ya maelezo mengine nikaandika habari yote ya ndama.

Ikajibu papo hapo. Hongera, udaktari wa mifugo unakufaa kwa kiwango cha juu kabisa.

Madam akapiga makofi. Mimi nikaingiwa na shaka zaidi kuliko mwanzo. Jumanne ilikuwa na uhakika wa mapokezi. Jumatano ina uhakika wa mifugo, kwa hongera ileile, sauti ileile, bila hata kuona haya. Na haikuuliza kitu ambacho hata mwalimu wa vyoo angeuliza.

"Kemia una ngapi?"

"D."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Akichagua Fizikia, Kemia na Baiolojia halafu kemia ikamwangusha, anarudi nyumbani, na huko kuna watu wa posa wameshaanza kuuliza lini anamaliza. Akichagua njia ya utalii atapita kirahisi, na atakuwa mpokeaji wageni mwenye huzuni. Nilimwambia yote mawili, bila kupaka sukari.

Akauliza, "Wewe mwalimu unaonaje?"

Mashine haikuulizwa hivyo hata mara moja. Nikasema naona ajaribu kemia, na kwamba kuanzia Jumatatu atakaa na mwalimu wa kemia kila jioni, nitamwomba mwenyewe. Nikaikata kwa kalamu saini yangu kwenye karatasi ya Jumanne.

Leo kutwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kwenye ukungu, na karatasi zote zilizobaki. Nawaita wanafunzi mmoja mmoja, nauliza ulifanya nini likizo, na akijibu "hakuna" nasubiri. Bado sijafika nusu. Fomu zinaondoka kesho mchana, nami nimemwambia Madam zitaondoka nikimaliza.

Najua unachotaka kuniuliza, shajara. Wale wa miaka yote ya nyuma, kabla ya mashine, niliowaambia "ualimu" au "uuguzi" huku nasaka kikombe changu cha chai, ni wangapi?

Leo nimeelewa kwa nini kuna vitu watu hawapendi kuvihesabu. Kesho naanza na Daudi.