Milango Uliyonikataza Kumwonyesha Zuhura

Mwanakombo, shoga yangu,

Nimefanya lile ulilonikataza. Nalisema mwanzo kabisa usije ukadhani nakuzungusha. Nimemchukua mjukuu wako Zuhura nikampitisha kwenye milango yako ya Ngamiani, mmoja baada ya mwingine, siku nne, kwa magoti haya unayoyajua. Sikuombi radhi. Ungekuwa hai tungegombana, na safari hii ningekushinda.

Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike. Chumba chako cha mbele kina meza, kompyuta mbili na feni inayolia kama mbuzi. Kanga zako za kazi ziko palepale kwenye kamba. Zuhura alitaka kuzitia sandukuni, nikamwambia aziache. Anafanya kazi chini yake, na akichoka huinua macho akazitazama. Paka wako amehamia kwa jirani, wala hana haya.

Nitakueleza kwa mpangilio, maana hukupenda habari inayoanzia katikati.

Unakumbuka nilivyorudi kutoka Maskati. Miaka arobaini na saba nilikaa huko, mume nimemzika huko, watoto wana maisha yao. Nilikuja Tanga kwa sababu Pangani sikuthubutu. Pangani nilizaliwa, nikaondoka msichana wa miaka kumi na tisa nikiwa na mabegi mawili, na nyumba yetu ya ng'ambo ya mto, Bweni, nilijua ina watu wengine. Tanga nilikuwa na mtu mmoja tu, wewe uliyesoma nami chuo kimoja cha Kurani tukiwa watoto kabla hujaolewa huku. Mtaani waliniita Mmanga, Mwarabu wa kuja. Yule muuza mbaazi akauliza kwa sauti nisikie, "Huyu Mmanga kapotea njia ya uwanja wa ndege?" Ukamjibu palepale, "Huyu kazaliwa Pangani kabla mamako hajajua kupika mbaazi." Kesho yake ukanivika kanga, ukanipa mwavuli wako, ukasema, "Beba. Twende kazini."

Ualishi. Mwenye harusi akikutuma, ulipita nyumba kwa nyumba, ukapiga hodi, ukasimama, ukataja jina la mwenye shughuli na siku yake, na hapo ndipo mtu alipojihesabu kuwa amealikwa. Miaka minne nilikubebea mwavuli. Nilijifunza kwamba hukai kitako kabla ya kutoa ujumbe. Kwamba kwa Bi Mwanahawa, yule mpishi wa barabara ya kumi na mbili, tunaingilia uani, kwa kuwa mbele anakaa mumewe ambaye hasikii na hapendi kuulizwa mara mbili. Kwamba wale ndugu wawili wasiosemezana hualikwa siku mbili tofauti, kila mmoja aamini kaanzwa yeye. Na kila mlango, kabla ya yote, ulinitaja: "Huyu Rahma, tumesoma chuo kimoja." Mimi niliyekuwa mgeni kila mahali nikarudishwa mjini hivyo, mlango kwa mlango. Hilo sikuwahi kukushukuru vya kutosha. Ulikuwa hupendi kushukuriwa, ulikuwa unakohoa ukatazama pembeni.

Kisha Zuhura akamaliza masomo ya kompyuta, akakataa kubaki Dar, akarudi na yule mwenzake Elibariki, mtoto wa Walutheri wa Maramba, mpole mpaka unamhurumia. Wakaanzisha kampuni. Mwenye harusi au hitima afungue simu, apate mpishi, turubai, viti, mpambaji, wote wa hapahapa Tanga. Zuhura akakuomba majina. Nani anapika biriani la watu mia tatu lisiungue, turubai la nani halivuji, nani husemezana na nani. Ukamwambia, "Watu si orodha ya sokoni. Unataka kunitia kwenye simu yako, kisha unizime?" Ukanigeukia na mimi. "Na wewe Rahma, hata mlango mmoja usimwonyeshe. Niahidi."

Nikakuahidi. Ulikuwa mgonjwa, nikaona si wakati wa kubishana.

Ulipoondoka, Zuhura akaenda kutafuta watu kwingine. Kulikuwa na kongamano la kampuni changa Dar, akarudi na kadi za majina, akazipanga kitandani kwako kama karata. "Bibi, hizi ndizo konekisheni." Nikamwuliza, katika hawa nani akisikia umeugua atakuja? Akacheka. "Bibi, hawa si wa kuja. Ni wa kupigiwa." Basi akawapigia, wengi hawakupokea. Mmoja akapokea, bwana mmoja mwenye mtaji wake, akasema atakuja Tanga aone hao wapishi na wapambaji kwa macho yake kabla ya kuweka chochote.

Zuhura akaandaa mkutano uani kwako. Viti themanini, turubai, pilau. Na yeye, mjukuu wa mwalishi, akaalika watu kwa kidole gumba. Meseji moja, watu wote, mara moja.

Walikuja kumi na mmoja, Mwanakombo. Wanne kati yao ni waliofunga turubai.

Nilikaa kwenye kiti cha nyuma nikiangalia shingo ya yule bwana ikigeuka kila baada ya dakika kutazama mlango. Zuhura alieleza kila kitu vizuri, mpaka mwisho. Jioni ile pilau tulikwenda kuligawa msikitini. Asubuhi nikaenda kwa Bi Mwanahawa, kupitia uani, nikamwuliza kulikoni. Akanitazama kama mtoto. "Nilipata meseji, sikualikwa." Nikamwambia meseji ndiyo mwaliko wa siku hizi. "Meseji hata kampuni ya simu hunitumia kila siku. Na kwao niende nikale?"

Nakujua, hapo ungepiga kigelegele. Mimi sikucheka. Nilirudi nikamkuta Zuhura chini ya kanga zako anasoma barua ya yule bwana. Ataichukua kampuni, jina na vyote, aihamishie Dar, na wao wawili wawe waajiriwa wake. Jibu alilitaka ifikapo Jumapili. Chini akaongeza kwa upole kwamba Tanga haina watu wa biashara, mmejionea wenyewe, na kwamba dada, peke yako huwezi kusimama. Zuhura akaniuliza kama ni dhambi kukubali. Alikuwa ameshakubali moyoni, nilimwona. Aliamini kwamba mji wake haumtaki.

Nilikaa na ahadi yako kuanzia adhuhuri mpaka alasiri. Nikaona kwamba ulichotaka kukitunza kitakwenda kaburini mara mbili, kwanza nawe, kisha nami, na binti atapanda basi akiamini jambo lisilo kweli. Nikauchukua mwavuli ukutani. Nikampa. "Beba," nikamwambia. "Twende kazini."

Siku ya kwanza nilisema mimi, kwamba Zuhura anawaita uani kwako Ijumaa baada ya swala. Siku ya pili nikamwacha aseme, na nyumba ya tatu tu akaharibu. Aliingia, akatoa shikamoo vizuri, akaanza moja kwa moja na kampuni yake. Mama mwenye nyumba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, sisi bado tuna msiba." Ilibidi nianze upya, nitoe pole, nikae kama ipasavyo msibani, nimtaje marehemu kwa jina. Tangu hapo, kila kona alisimama akauliza, "Bibi, hapa pana nini?" Nami nikamweleza. Akatoa simu aandike, nikamshika mkono. Hapa hatuandiki. Nusu hiyo ya ahadi yako nimeitunza, ingawa najua hukuniahidisha nusu.

Siku ya tatu na ya nne aliyekuwa akisema ni yeye, na mwavuli nilibeba mimi. Kwa wale ndugu wawili alikwenda siku mbili tofauti bila kuambiwa. Na kila mlango alinitaja. "Huyu ni Bibi Rahma, alisoma chuo kimoja na bibi yangu." Sikumfundisha hilo.

Ijumaa baada ya swala wakaja. Viti havikutosha, tukatandika mikeka. Pilau hatukupika, lakini Bi Mwanahawa aliingia na sufuria lake kichwani kwa msaidizi, akasema, "Nimealikwa, siji mikono mitupu." Na usidhani walikuja kumsifu mjukuu wako. Walimkalia kooni. Lile jambo la kwenye programu yake, wateja kumpa mpishi nyota, liliwachoma. "Na atakayenipa nyota tatu?" Bi Mwanahawa alisimama na mwiko. "Aje hapa aniambie mbele ya watu. Chumvi ilizidi, au nilimnyima ukoko?" Zuhura akajitetea, nyota ziko dunia nzima. Mzee mwenye maturubai akamwambia, "Basi waoe hao wa dunia nzima. Sisi hapa mtu akitaka kukujua huuliza aliyekualika mwaka jana." Watu wakacheka, na Zuhura, namshukuru Mungu, akacheka nao. Elibariki akasema kulibadilisha ni kazi ya siku mbili. Sasa hakuna nyota. Chini ya kila jina kuna jina la mtu aliyewahi kupikiwa, na ukitaka unampigia.

Wakakubaliana kwamba kila atakayepata kazi kupitia kampuni ataiachia sehemu kidogo. Inatosha umeme na intaneti, haitoshi mshahara. Hilo pia nakwambia kama lilivyo.

Jumapili Zuhura akamkatalia yule bwana. Nilimwuliza atampigia simu au vipi. "Meseji, Bibi. Huyo hakustahili hodi." Bwana akajibu kwamba hawatafika miezi mitatu. Tuko wa nne.

Lakini si kila kitu. Elibariki ameondoka. Yule bwana alimpa kazi kwake, na mama yake Maramba anaumwa, dawa hazinunuliwi kwa makofi ya uani. Alikuja kuniaga, akainama, nikamwekea mkono kichwani. Zuhura alilia siku ile uso ameuficha kwenye kanga yako ya kijani, kisha akafungua kazi ya mwenzake na kuanza kuisoma mstari kwa mstari. Wiki iliyopita programu ilizimika kuanzia asubuhi, wapishi wakapiga simu mpaka kwangu, mimi ambaye kuwasha redio ni shida. Ilipoadhiniwa magharibi ikawaka. Aliiwasha mwenyewe.

Sijui kama itadumu. Yule bwana ameona kampuni nyingi zikifa, huenda ana haki. Ila nimechoka, Mwanakombo, nimechoka kusikia watu wakiambiwa kwamba cha maana kiko pengine na wao wakafungashe. Niliambiwa hivyo nikiwa na miaka kumi na tisa. Ikianguka, na ianguke uani kwako, mbele ya watu wanaojua jina la bibi yake. Kesho yake tutapiga hodi upya.

Nawe pia nakubishia. Ulidhani ukiondoka na milango yako utakuwa umeilinda. Mwavuli ungebaki ukutani, Zuhura angekuwa karani wa mtu Dar, na mimi ningekuwa Mmanga tena, kikongwe asiyejulikana ni wa nani. Uliwapenda watu hawa mpaka ukataka wafe nawe. Nasema hivi kwa sababu hakuna mwingine niliyempenda kiasi cha kumwambia.

Sasa wapishi wa Pangani wameuliza kama na wao wanaweza kuingia. Zuhura akanijia jana na mwavuli mkononi. "Bibi, Pangani mimi sina mtu. Wewe ndiye." Kila mwaka uliniambia, nenda Rahma, mlango haung'ati, nami kila mwaka nilikujibu mwakani. Basi ahadi yangu ni hii, na hii sitaivunja. Jumatatu tunakwenda. Tutapanda kivuko mpaka Bweni, na mlango wa kwanza utakuwa ule wa nyumbani kwetu. Nitasimama, sitakaa kabla ya kusema. Nitapiga hodi, na mjukuu wako atanitaja kama ulivyonitaja: huyu Rahma, kazaliwa nyumba hii.

Waseme karibu au wasiseme, watakuwa wamenisikia.

Mola akupe kivuli, shoga. Mwavuli wako ninao mimi.

Rahma