Mpira wa Shingoni

Jumatatu, 4 Machi

Siku mbaya! Nilikuwa namwekea mgonjwa mpira, ule mrija laini, kwenye mshipa mkubwa wa shingo, vena. Sindano ikaingia jirani yake, ateri. Damu nyekundu ya kung'aa, inaruka! Nikachomoa, nikakandamiza dakika kumi na tano kwa saa ya ukutani. Mgonjwa mzima, jioni alikula vizuri. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.

Daktari Mzee, mwalimu wangu, hakufoka. Alisema tu kwamba nilibahatisha, na shingo ya mtu si mahali pa kubahatisha.

Jumanne, 5 Machi

Daktari Mzee kalegeza tai, kalala kitandani, kanipa shingo yake! Nimeiangalia kwa altrasaundi. Bonyeza, kasema. Mshipa unaolala ndio wetu, vena. Unaodunda na kukaidi ni ateri, uache na mambo yake.

Halafu mazoezi ya sindano: mnofu wa kuku, mrija wa maji umepitishwa ndani. Kuifuata ncha kwenye skrini, basi. Mara thelathini.

Nimemsimulia mume wangu. Eti kuku alishakufa, mnamchoma tena kwa kosa gani? Nimecheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea. Akanishika tu.

Jumatano, 6 Machi

Kuku tena. Ishirini na tisa nimepata. Moja nimekosa — ndiyo ninayoiwaza.

Alhamisi, 7 Machi

Mama mmoja, fundi cherehani. Figo zimegoma, damu isafishwe leo leo, kupitia mpira wa shingoni. Daktari Mzee kanikabidhi mimi.

Mama kaniangalia vidole. "Mwanangu, vimeizoea kazi hii?"

Ningeweza kudanganya. Nimemwambia ya Jumatatu, yote. Naye: "Basi leo utakuwa mwangalifu kuliko wote. Anza."

Kitanda kimeinamishwa upande wa kichwa. Dawa ya ngozi, tumengoja ikauke. Shuka safi mwili mzima. "Simama, Daktari!" — Sista, muuguzi wetu, na orodha yake ya hatua mkononi. Glavu yangu imegusa ukingo wa kitanda. Siku nyingine ningenuna. Nimebadilisha, na asante juu.

Nikabonyeza. Mmoja ukalala. Ncha nimeifuata mpaka ndani. Damu ya giza, tulivu. Waya wa kuuongoza mpira — ukagoma njiani. Sikusukuma! Nikatoa sindano na waya kwa pamoja, nikakandamiza.

Sauti chini ya shuka: "Umekosea?"

"Hapana, Mama. Nimerudi nyuma kidogo."

"Vizuri. Hata mimi hufumua."

Daktari Mzee mikono nyuma, anatazama skrini. Mara ya pili waya ukateleza. Nimeutafuta kwanza kwenye skrini, nikauona ndani ya vena, ndipo nikapanua njia na kupitisha mpira. Waya sikuuachia hata sekunde. Ulipotoka, Sista alitangaza kwa sauti, akaweka tiki.

Sasa tunangoja picha ya kifua. Mpira hautumiki kabla hatujaona umekaa wapi, na kama sindano haikutoboa pafu. Mama kashika mkono wangu wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Kauliza kama yamekwisha. Nimesema bado.

Mtu wa picha kafika na mashine yake. Anataka sisi wengine tutoke nje, tusipate mionzi. Nimejaribu kuchomoa mkono polepole, Mama kazidi kuushika, hataki nimwache. Naweka kalamu chini —